Mprotestanti si "mpinzani"

Nimelisikia tena Jumapili, safari hii likifundishwa watoto wa kipaimara: "Mprotestanti maana yake mpinzani. Luther na Calvin walimpinga Papa, kwa hiyo ni wale wale." Watoto wakaandika.

Mprotestanti ni Mkristo wa makanisa yaliyotokana na Matengenezo ya karne ya 16, yale mageuzi ya kanisa ambayo Luther aliyaongoza Ujerumani na Calvin Geneva, Uswisi ya leo. Maana ndiyo hiyo. Shida iko kwenye neno lenyewe.

Asili yake ni Kilatini, protestari: kutoa ushuhuda hadharani. Aprili 1529, katika baraza la dola mjini Speyer, Ujerumani, walio wengi walipitisha uamuzi wa kuyazuia mageuzi ya kanisa yasiendelee. Watawala 6 na miji 14 wakatoa tamko kwamba katika mambo ya utukufu wa Mungu na wokovu wa roho, kila mtu atasimama mwenyewe mbele za Mungu kutoa hesabu. Tamko hilo ndilo lililozaa jina Waprotestanti. Kupinga kumo, lakini kumebebwa na ushuhuda. Calvin wakati huo alikuwa na miaka 19, anasoma sheria Ufaransa.

Na hilo la "wale wale" ndilo linaloniumiza zaidi. Luther aliacha katika ibada mengi ambayo Maandiko hayakuyakataza. Wittenberg, Ujerumani, kanisani alikohubiri, madhabahu ina picha za mchoraji Cranach: Luther yuko mimbarini, mkono ameunyoosha kwa Kristo msalabani, waumini wanatazama. Calvin alitaka ibada iwe na kile tu Mungu alichokiagiza. Geneva picha ziliondolewa, kinanda kikanyamaza, watu wakaimba Zaburi kwa Kifaransa. Kufikia 1562 zote 150 zilikuwa na tenzi zake. Juu ya hapo kulikuwa na baraza la wachungaji na wazee wa kanisa, likikutana kila wiki kuwaita waliogombana, waliokwepa mahubiri, hata wasiojua Sala ya Bwana. Jina Presbiteri limetoka huko kwa wazee: presbuteros, Kigiriki, ni mzee.

Hata sheria iliwatenganisha. Amani ya Augsburg ya 1555, mapatano ya dini katika dola ya Ujerumani, kwa upande wa Waprotestanti iliwatambua Walutheri peke yao. Wakalvini walingoja hadi 1648.

Kwa hiyo, mwalimu wangu, kwenye daftari za watoto futa "mpinzani", andika "anayeshuhudia". Na kinanda kikilia kanisani kwetu, waambie watoto kwamba Geneva ya Calvin wasingekisikia.