Kukata vidio hakuharibu picha, na 4K hairudishi kilichopotea

Jana tena. Shoga kanijia hapa mtaani Langoni na vidio ya kupamba bibi harusi, kaitoa kwenye grupu la WhatsApp, ananambia nimkatie mwanzo na mwisho halafu niisevu kwa 4K ipate kung'aa. Wa tatu wiki hii. Nilimjibu pale pale, ila bora niandike mara moja kila mtu asome, maana nshachoka kuirudia na watu wanaondoka wakidhani mimi ni mvivu wa kubonyeza batani.

4K ni doti 3840 kwa 2160, yani zaidi ya milioni 8, na 1080, ile HD ya kawaida, ni milioni 2 na kidogo. Klipu ikishafinywa na WhatsApp ukaja kuirenda (kuitoa faili upya) kwa 4K, kompyuta haina pa kuzitoa hizo doti nyingine, inakisia tu kwa kuangalia za jirani. Hina ya bibi harusi ikishageuka doa la kahawia, maua yake hayamo tena ndani ya faili, na ukikuza unapata doa kubwa. Programu za AI zinazodai kurudisha nimezijaribu, zinachora maua mazuri wallahi, lakini si yale aliyoyachora mpakaji hina, na mimi simpi mtu harusi ambayo haikuwa hivyo.

Kwa hiyo nataka kadi yenyewe iliyotoka kwenye kamera. Kama ni simu njoo na waya, ama tuma kwa WhatsApp kama dokumenti, inapita ilivyo mpaka GB 2.

Sasa linaloniudhi zaidi ni hili la pili, eti "ukiikatakata picha inapungua". Kukata hakupunguzi chochote! Kinachopunguza ni kurenda, yani faili inafunguliwa na kufinywa upya, na kila ikifinywa kodeki, ile njia ya kufinya vidio, inatupa kitu. Ukikata kwa programu ya LosslessCut hairendi, inanakili data ilivyo, ndo maana vidio ya saa nzima inamalizika kwa muda mfupi tu na picha ni ile ile.

Lakini hapa sikilizeni vizuri, hasa nyinyi mnaokata wenyewe nyumbani. H.264, kodeki ambayo simu na kamera nyingi zinarekodia, haiweki kila fremu (picha moja moja ya vidio) nzima. Inaweka moja kamili, zinazofuata zinaandika kilichobadilika tu, kisha inakuja kamili nyingine, na bila ile kamili zinazoifuata hazisomeki. Basi ukitaka kuanzia sekunde ya 10 na fremu kamili iko sekunde ya 8, programu inazichukua na zile sekunde 2, halafu inaandika maagizo ndani ya faili kwamba anza kuonyesha kwenye 10. Picha zimo, zimefunikwa tu. Na kuna pleya zisizofuata maagizo hayo.

Mimi kazi yangu ni vidio za shughuli za wanawake peke yao. Hebu fikiria sekunde 2 hizo kuna dada kavua buibui, nywele wazi, na wenyewe wamekuomba umtoe. Kwenye simu yako hayupo, unatuma kwa moyo mkunjufu, shemeji yake anaifungua kwenye kompyuta yake na huyo hapo. Kwa hiyo pahali pa kumsitiri mtu huwa narenda, sibishani na yeyote kuhusu ubora, picha itapungua kidogo na ipungue.

Ila narenda mara moja tu, kutoka faili la asili mpaka la mwisho. Usirende rasimu halafu ukaihariri ile rasimu. Ukilazimika kuhamia programu nyingine katikati, pitia ProRes ama DNxHR, kodeki zinazofinya kidogo tu, faili litakuwa kubwa mno, vumilia. Mwisho programu ya HandBrake, H.264, RF 18 (RF ni kipimo cha ubora, namba ndogo ndo picha nzuri), saizi na fremu kwa sekunde zile zile za kamera. Na niseme kweli, 18 na 20 nimeziweka ubavu kwa ubavu mara nyingi na siku nyingine sioni tofauti, mpaka ije shela yenye vimetameta ama ua lenye taa moja usiku, hapo 20 inaanza kutoa vigae, yani miraba miraba, kwenye giza.

Kanda za MiniDV, zile kaseti ndogo za kamera za zamani, ni habari nyingine. Ni 720 kwa 576, saa moja kama GB 13, na kila fremu inajitegemea kwa hiyo kata popote. Usizifanye DVD ukatupa kanda, DVD ni mfinyo mwingine juu ya mfinyo. Halafu zina nusu-picha 50 kwa sekunde (kila moja ina nusu ya mistari ya picha), ukizigeuza fremu 25 unapoteza nusu ya mwendo, na kwenye vugo, ile ngoma ya harusi, mikono inaonekana inarukaruka. Mimi nazitoa fremu 50 kwa bwdif, kichujio kinachozigeuza nusu-picha kuwa picha nzima. Wamama wengine wakiziona wanasema zimekuwa laini mno, kama matangazo ya tivii, wanataka zile 25 walizozizoea, na hapo sijaamua nani ana haki, kwa hiyo nawapa zote mbili pamoja na faili ghafi la DV.

Na hewa yetu hii ya chumvi na unyevu inaota ukungu ndani ya kaseti. Ukiona unga mweupe kwenye ukingo wa mkanda usiicheze hata kidogo, utachafua mpaka hedi ya kamera, kile kichwa kinachosoma mkanda. Ilete hivyo hivyo.