Mbao ya mjozi na maneno ninayoyasikia kila nyumba Lamu

Mwanzoni mwa mwezi huu nimeambiwa tena. Mwenye nyumba mmoja wa Mkomani, mtaa wa hapa Lamu, aliagiza mbao za sakafu za mjozi wa Marekani (walnut), zikaja kwa lori hadi Mokowe, zikavushwa kwa mashua, na akataka nianze kuzitandika kesho yake asubuhi. Nikamwomba tungoje. Akanijibu: "Fundi, hizi zimekaushwa kwa tanuri. Mbao ikishakauka imekufa, haisogei tena."

Mbao haifi hivyo. Ubao haukui tena, lakini huendelea kunywa unyevu wa hewa na kuutoa maisha yake yote. Tanuri limeondoa maji yaliyokuwamo siku ile, kiu halikuiondoa. Na mbao hizi zimekaushwa kwa ajili ya nyumba za kwao, zinazopashwa joto wakati wa baridi, kwa hiyo hutoka kiwandani zikiwa na unyevu wa asilimia 6 hadi 9. Hapa kwetu, madirisha wazi na bahari mlangoni, ubao uliokaa ndani ya nyumba hutulia kwenye asilimia 13 hadi 15. Hiyo ndiyo nambari inayonitokea kwenye kipima unyevu mwaka nenda mwaka rudi. Masika hupanda kidogo, kaskazi hushuka kidogo.

Tupige hesabu. Mjozi uliopasuliwa bapa hutanuka upana kwa karibu asilimia 0.27 kila unyevu wake unapopanda asilimia moja. Vyumba vya nyumba zetu za mawe vilifuata urefu wa boriti za mkoko, basi upana wa chumba tuseme ni mita 2.5. Mbao ziingie na asilimia 8, zije kutulia kwenye 14. Upana wote utaongezeka kama sentimita 4. Fundi mwangalifu huacha nafasi ya milimita 10 kila upande wa ukuta, ikafichwa na skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta. Hizo ni sentimita 2. Zile mbili zilizobaki ziende wapi? Zitakwenda juu.

Nimeyaona haya kwa macho yangu, chumba cha ndani orofani, mwezi wa Juni baada ya mvua kubwa. Katikati ya chumba sakafu ilikuwa imeinuka kama mgongo wa mashua iliyopinduliwa, nikapitisha mkono chini yake hadi kwenye kifundo. Ukipapasa mbao unahisi mawimbi, kwa kuwa kingo za kila ubao zilikuwa zimenyanyuka kuliko katikati yake. Pembeni skatingi ilikuwa imesukumwa ikabandua chokaa ya ukuta. Mwenyewe alikuwa ameambiwa kwamba ameuziwa mbao mbovu. Zilikuwa mbao nzuri sana, na iliniuma kuzing'oa.

Kwa hiyo fungua maboksi, vua nailoni, uzipange mbao ndani ya chumba kilekile zitakamokaa, na fito nyembamba baina ya safu na safu ili hewa ipite. Kuziweka siku tatu ndani ya nailoni yake hakuzizoeshi chochote. Pima leo, pima wiki ijayo, pima tena. Nambari ikiacha kupanda, anza. Kazi isiyokubali ngojeo hilo siichukui.

Wapo wanaodharau mbao za tabaka, wakisema ni bandia. Juu yake ni mjozi halisi. Chini ni tabaka za mbao zilizopishanishwa, kila moja ikiizuia mwenzake kutanuka. Uso wa milimita 4 unaweza kupigwa msasa zaidi ya mara moja. Kwa pwani hizi ndizo ninazoshauri, hata kwa mwenye uwezo wa kununua ubao mzima.

Maneno mengine ninayoyasikia: "Mjozi ni mgumu kushinda mbao zote." La. Kwenye kipimo cha Janka, cha ugumu wa mbao, mjozi mweusi wa Marekani hupata 1,010 na mwaloni mweupe 1,360. Mbambakofi wa milango yetu unaishinda yote miwili. Adui wa mjozi hapa ni mchanga. Kuvua viatu tumezoea, lakini mguu mtupu nao hubeba mchanga. Weka ndoo ya maji na kata pale dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, na jamvi la kukaushia miguu.

"Utazidi kuwa mweusi kadiri unavyozeeka." Mbao nyingi huenda hivyo, mjozi huenda kinyume, mwanga wa jua huufifisha. Tandika zulia mwaka mzima, kisha likunje: utakuta mraba mweusi umebaki sakafuni. Miezi ya mwanzo sogeza mazulia na mikeka mara kwa mara.

"Mbao ya bei hii mchwa hawaili." Moyo wa mjozi hustahimili sana kuoza, lakini wadudu huushambulia. Ndiyo maana kwenye vyumba vya chini sitandiki mjozi kabisa. Tena kuta za matumbawe hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi yake, na chokaa huyaachia yatoke. Ukifunika sakafu kwa nailoni na mbao, maji yatapanda ukutani. Chini iacheni chokaa, mjozi upande orofani.

Na wale wasemao sakafu ya mbao ndiyo ya jadi: si kwetu. Jadi yetu ni boriti, juu yake vipande vya matumbawe, juu yake chokaa. Tandika mjozi kwa namna ambayo mwanao ataweza kuutoa bila kuharibu kilicho chini, na kabla ya kugusa chochote waone watu wa Makumbusho, kwani mji wa kale ni urithi wa dunia tangu 2001.

Vanishi nayo haikupi ruhusa ya kupiga deki kwa ndoo. Maji huingia kwenye maungio. Kitambaa kilichokamuliwa kinatosha.

Mbao za Mkomani zimepangwa chumbani juu ya fito. Zilifika na asilimia 7, jana nimesoma 10. Mwenyewe amenipigia simu mara mbili kuuliza. Nimemwambia tutaanza zikitulia, na hazitatulia kabla ya 13.