Ujiji: yanayosemwa na yaliyopo

Kila mgeni ninayempeleka Ujiji, tukishashuka kwenye daladala la kutoka Kigoma mjini, swali lake la kwanza ni hilo hilo: mwembe wa Livingstone uko wapi?

Wengi wanaamini bado upo. Ule ambao chini yake mwandishi wa habari Stanley, aliyetumwa kumtafuta, alimkuta mmisionari na mvumbuzi Livingstone mwaka 1871 ulishakufa zamani. Miembe unayoiona leo karibu na mnara wa kumbukumbu ya mkutano huo ni watoto wake, imebebeshwa kwa vikonyo vyake.

Dhana ya pili hata wenyeji wanayo: kwamba mnara umejengwa pasipo penyewe, maana mji ule ulikuwa bandari na hapo ziwa liko mbali, chini ya mteremko. Mahali ni pale pale, ila ziwa ndilo limehama. Miaka ile mdomo wa Mto Lukuga, upande wa Kongo, ambako maji ya Ziwa Tanganyika hutoka, ulikuwa umezibwa na tope na magugu, maji yakajaa. Mwaka 1878 kizuizi kikavunjika. Katika miaka iliyofuata usawa wa ziwa ukashuka karibu mita 10. Kwenye ardhi ya mteremko kama wa Ujiji, mita 10 za kimo ni mwendo mrefu wa miguu. Simama mnarani utazame chini, utaelewa.

Livingstone hakufia hapa. Alifia Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873.

Linaloniuma zaidi ni kuufanya mji mzima kuwa hadithi ya Wazungu wawili waliosalimiana. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika mwaka 1858 waliukuta mji una wenyewe, na wafanyabiashara wa pwani walishafika na misafara ya pembe na, kwa uchungu, ya watumwa. Hata siku ile ya 1871, aliyetoka mbio kumlaki Stanley na kumwamkia kwa Kiingereza alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Yeye na mtumishi mwenzake Chuma ndio baadaye, pamoja na wenzao, walioubeba mwili wa Livingstone kwa miezi mingi hadi Bagamoyo.

Kwa hiyo ukishapiga picha mnarani, usigeuze. Shuka na barabara hadi ufukweni, kwa mafundi wa boti. Wanaunda kwa mikono na vifaa vichache: msumeno, nyundo, tezo. Fundi mmoja atakuwa anakalafati, anasukumia pamba kwenye nyufa za mbao, taratibu, ufa kwa ufa. Muamkie kwanza, ndipo uulize.