Malipo ya kazi mbili: madereva wa filamu wanadai nini?

Malipo ya kazi mbili ni haki anayodai mfanyakazi pale mwajiri anapomtumia kwa kazi mbili zenye viwango tofauti vya mshahara, halafu akamlipa kwa moja na kuihesabu ile nyingine kuwa ni kusaidiana tu. Kuieleza dhana hii ni rahisi. Kasheshe huanza pale inapotakiwa kupangiwa bei, na madereva wa filamu wa Marekani wanaijua vizuri kasheshe hiyo.

Chukua dereva wa lori lililobeba jenereta. Saa kumi alfajiri yuko barabarani, maana umeme lazima uwepo kabla mtu wa taa hajafika. Gari lake ni zito. Sheria ya shirikisho inataka leseni ya biashara kwa gari lenye uzito wa kuanzia pauni 26,001, yaani karibu kilo 11,800, hivyo si mtu yeyote tu anayekabidhiwa usukani. Akishaegesha, kazi aliyoajiriwa kwayo kwa jina la udereva imesimama mpaka jioni. Lakini akipewa na jenereta, ndiyo kwanza siku inaanza: anaiwasha, anatazama volti, anahakikisha mzigo haujaelemea feizi moja, yaani njia moja ya umeme, anasikiliza mngurumo ukibadilika, anajaza mafuta kabla tangi halijakauka. Ikizimika katikati ya kurekodi, waigizaji, kamera na watu wote walio pale wanasimama kumsubiri yeye.

Mwenzake anayevuta trela la vyoo na vyumba vya kubadilishia nguo naye ana mambo yake. Kufika ni nusu tu ya kazi. Kuna kulisawazisha trela, kuunganisha maji safi, kufuatilia matangi ya majitaka, na kusafisha kutwa nzima. Hakuna anayemkumbuka mpaka choo kizibe.

Los Angeles, madereva hawa wako chini ya Teamsters Local 399, tawi la Teamsters, chama cha wafanyakazi kilichoundwa mwaka 1903. Tawi hilo halina madereva peke yao: wamo pia mameneja wa lokesheni (maeneo ya kurekodia), wakufunzi wa wanyama na watunza farasi. Upande wa pili wa meza huketi AMPTP, umoja unaojadiliana kwa niaba ya studio na wazalishaji. Mkataba wao uliopita ulikuwa unaisha tarehe 31 Julai 2024, na makubaliano ya awali yalipatikana siku chache tu kabla ya hapo.

Mtu atauliza: si kuna sheria? Ipo. Sheria ya Viwango vya Haki vya Kazi ya mwaka 1938 inataka malipo ya mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi 40 kwa wiki. Mfanyakazi akiwa na kazi mbili zenye viwango viwili kwa mwajiri mmoja, kanuni ya kawaida ni kutafuta wastani. Tuseme, kwa hesabu tu, mtu amefanya saa 30 kwa dola 30 na saa 20 kwa dola 40. Jumla ni dola 1,700. Gawa kwa saa 50, unapata dola 34. Saa kumi za ziada zinaongezewa nusu ya hiyo 34, yaani dola 17 kila moja, na wiki inafungwa kwa dola 1,870. Saa zote 50 zingehesabiwa kwa kiwango cha chini, angeondoka na 1,650. Sheria za jimbo na mkataba zinaweza kumwongezea, lakini msingi ndio huo.

Sasa tazama shimo lililopo. Hesabu hiyo inachukulia kwamba kazi zimefuatana: asubuhi hii, mchana ile. Kwenye seti, yaani pale filamu inaporekodiwa, kazi mbili hukaa ndani ya saa ileile. Dereva anawajibika kwa lori lake na wakati huohuo anawajibika kwa jenereta, na saa inayosoma ni moja. Sheria inahesabu muda, haihesabu majukumu. Ilimradi kima cha chini na ovataimu vimelipwa, mwajiri hajavunja chochote kwa kurundika kazi. Kwa maoni yangu hapa ndipo kiini cha mgogoro mzima kilipo, na ndiyo sababu unapiganiwa kwenye mkataba kuliko mahakamani.

Mkataba una njia zake. Unaweza kuweka daraja la pekee la kazi, dereva na mwendeshaji kwa pamoja, lenye mshahara wake. Unaweza kusema anayegusa kazi ya daraja la juu kwa muda fulani alipwe kiwango hicho siku nzima, kanuni ambayo ni ya kawaida kwenye mikataba ya vyama vya Marekani. Au unaweka nyongeza ya saa kwa kila chombo cha pili anachosimamia. Njia ya mwisho ni kukataa kabisa: mtambo huu uwe na mtu wake.

Wazalishaji nao wana hoja, na si ya kupuuzwa. Dereva wa seti analipwa siku nzima ilhali sehemu kubwa ya siku gari limesimama. Kuna ubaya gani akishika kitu kingine? Tatizo ni kwamba kusubiri huko si mapumziko. Anaweza kuitwa wakati wowote kusogeza msafara, na usiku ndiye anayerudisha gari zito barabarani wakati wengine wamepanda magari yao madogo na kwenda kulala. Kanuni za usalama barabarani huhesabu saa zote za kuwa kazini, za kuendesha na zisizo za kuendesha, kwa sababu mwili hauchagui kilichouchosha.

Ndani ya vyama vyenyewe pia si shwari. Kila kazi kwenye seti ya Hollywood ina mwenyewe. Umeme na taa ni eneo la mafundi wa vyama vingine, na dereva anayeshika swichi bila makubaliano anaweza kuwa anamla mwenzake riziki. Kwa hiyo nyongeza ya kazi mbili ina makali pande zote: ikiwa ndogo, studio itaona nafuu kumrundikia mtu mmoja kila mara; ikiwa kubwa, kumwajiri mtu wa pili kunakuwa na maana. Wanaojadiliana wanaijua hesabu hii, hata wasipoisema kwa sauti.

Kinachobaki ni ushahidi, na mwisho wa siku huo uko kwenye karatasi ya saa. Iliyoandikwa "dereva, saa 14" haimwambii mhasibu kwamba saa 11 kati ya hizo jenereta ilikuwa ikinguruma chini ya uangalizi wa mtu yuleyule. Mwenye kutaka kulipwa huandika chombo alichosimamia, kilipowashwa na kilipozimwa, na nani alimwagiza.