Shanta la mazoezi: pima mgongo wako kabla ya kupima mzigo

Anayetaka kuanza kutembea na uzito mgongoni kwa ajili ya mazoezi huuliza kwanza abebe kilo ngapi. Kwetu sisi wa tiba ya viungo swali hilo ni la tatu. La kwanza ni urefu wa kiwiliwili chake, na la pili ni mahali uzito utakapokaa ndani ya begi. Kilo 6 zilizokaa vizuri utazisahau baada ya muda mfupi. Kilo 6 hizohizo zikining'inia chini ya kiuno, utarudi nyumbani umeshika mgongo.

Ukiweka uzito nyuma, mwili huinamia mbele wenyewe ili usianguke chali. Uzito unapozidi kuwa mbali na mgongo, nawe unazidi kuinama. Shingo inajitokeza kama ya kobe, na misuli ya mgongo inabaki na kazi ya kukushikilia usipinduke. Ukitaka kuliona jambo hili bila begi, kumbatia kifuani chupa ya maji ya lita moja na nusu, kisha ishike mkono ukiwa umenyooka mbele. Maji ni yaleyale, lakini bega litakwambia tofauti kabla dakika haijaisha.

Begi linalofaa, basi, ni lile linaloubana uzito karibu kabisa na mgongo na kuuweka juu, usawa wa mabapa ya mabega. Mabegi yenye mfuko wa ndani wa kompyuta mpakato hufaa sana, kwa kuwa mfuko huo hulala upande wa mgongo. Kama lako halina, weka taulo lililokunjwa chini, uzito juu ya taulo, halafu jaza nguo upande ulio mbali na mgongo mpaka uzito usisogee. Usiache nafasi. Anayetembea kwa kasi ya mazoezi hupiga zaidi ya hatua 100 kwa dakika, kwa hiyo kitu kinachochezacheza ndani ya begi kitakugonga mgongoni zaidi ya mara 6,000 kwa saa moja.

Kuhusu cha kubeba, maji yana faida mbili: lita moja ni kilo moja, huhitaji mzani, na ukichoka njiani unaweza kuyamwaga. Jaza chupa mpaka juu, maana chupa nusu husukasuka. Mchanga mkavu nao hauchukui nafasi kubwa, lita moja huwa na takriban kilo moja na nusu. Ufunge kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Tofali silipendi. Lina pembe, na pembe hutafuta uti wa mgongo hata ulizungushie nguo.

Sasa tuje kwenye kipimo ambacho wengi hukiruka. Inamisha kichwa na upapase nyuma ya shingo, pale inapokutana na mabega. Utagusa kipingili kilichojitokeza kuliko vingine. Hiyo ni pingili ya saba ya shingo. Kisha shika kiuno kwa mikono miwili, viganja vikikaa juu ya mifupa ya nyonga na vidole gumba vikielekea nyuma. Mwombe mtu akupime kwa futi ya fundi nguo kutoka kwenye kipingili kile mpaka usawa wa vidole gumba. Huo ndio urefu wa kiwiliwili chako, na hauna uhusiano wa moja kwa moja na kimo. Watu wawili wa kimo kimoja, mmoja mwenye miguu mirefu na mwingine mwenye kiwiliwili kirefu, hawawezi kuazimana begi wakaridhika wote. Begi refu mno hukaa makalioni. Fupi mno huacha mkanda wa kiunoni ukibana tumbo, wakati kazi yake ni kukaa juu ya mifupa ya nyonga na kuipokezea sehemu ya mzigo.

Kwa kilo tatu au nne mkanda huo unaweza kukosekana bila hasara. Mzigo ukipanda, mimi singeununua mfuko usiokuwa nao.

Mikanda ya mabegani ndiyo inayowadanganya wanunuzi. Mtu hubonyeza sponji dukani, akaiona laini, akalipa. Sponji laini mno hukandamizika mzigo ukiingia, na unabaki na ukanda mwembamba unaokata bega. Ibonyeze kwa kidole gumba: kidole kikifika upande wa pili, iache. Tafuta mkanda mpana, mgumu kiasi, uliopinda kufuata kifua ili usisugue kwapa. Hapa hatuzungumzii starehe tu. Kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza hupita neva zinazokwenda mkononi, na mkanda ukizikandamiza kwa muda mrefu mkono hufa ganzi, wakati mwingine hata kulegea. Tatizo hilo linajulikana miongoni mwa wanajeshi wanaobeba mashanta mazito. Vidole vikianza ganzi, vua begi hapohapo. Ganzi isipoondoka, muone daktari.

Ukivaa, legeza mikanda yote kwanza. Funga wa kiunoni, kisha kaza ya mabegani mpaka begi liguse mgongo, na wa kifuani uwe wa mwisho. Huu wa kifuani ni wa kuzuia mabega yasiteleze, basi. Vuta pumzi ndefu. Ukihisi kifua kimezuiwa, ulegeze.

Tumefika kwenye kilo. Anza na asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa mwili wako, begi lenyewe likihesabiwa. Mwenye kilo 70 ataanza kati ya kilo 3.5 na 7, na nisingeona aibu kuanzia chini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwa hiyo usipime wako kwa kumtazama aliyekutangulia. Halafu ongeza kitu kimoja kwa wakati: umbali, au kasi, au kilo, au mwinuko wa njia. Mapafu na misuli huzoea haraka, mifupa huchelewa. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, alieleza uvimbe na maumivu ya nyayo kwa askari waliotembezwa mwendo mrefu. Eksirei zilipopatikana miongo kadhaa baadaye, ilionekana ni nyufa kwenye mifupa ya nyayo. Askari wale walikuwa vijana wenye afya. Maumivu ya sehemu moja ya unyayo yanayozidi kila unapotembea si ya kuyavumilia.

Mjamzito, mwenye mifupa iliyodhoofika, mwenye tatizo la diski za uti wa mgongo, mgonjwa wa moyo na aliyefanyiwa upasuaji karibuni wazungumze na daktari kabla ya kuweka uzito wowote mgongoni.

Begi jipya lijaribu ndani ya nyumba likiwa na mzigo kamili, kabla hujatupa risiti. Tembea dakika 15, panda na kushuka ngazi, inua kichwa utazame dari, inama ufunge kamba za viatu. Likikugonga kisogo au likapanda shingoni unapoinama, kaza upya, na likirudia lirudishe dukani. Baada ya matembezi ya kwanza, angalia mabega na kiuno kwenye kioo. Alama za mikanda zitakuwepo, hilo ni kawaida. Zikiwa bado zipo asubuhi inayofuata, au ngozi imechubuka, begi halijakukaa.