Nani Anashika Saa ya Kazi?

"Naingia saa 12 jioni, natoka saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki. Ni halali?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa zaidi na walinzi hapa Arusha. Ni swali la zamani.

Mwaka 1833 Uingereza ilikataza watoto chini ya miaka 9 kufanya kazi katika viwanda vingi vya nguo, na wale wa miaka 9 hadi 13 wasizidishe saa 9 kwa siku. Ikaajiri wakaguzi, wanne tu kwa nchi nzima. Wenye viwanda wakahamia kwenye saa ya ukutani: asubuhi wakaisogeza mbele, jioni wakairudisha nyuma. Ndipo sheria ya 1844 ikaagiza muda uhesabiwe kwa saa ya umma, kama ile ya stesheni ya reli. Naiheshimu sana ibara hiyo. Aliyeiandika alijua kwamba kikomo cha saa ni bure ikiwa saa yenyewe iko mikononi mwa mwajiri.

Kwenye mashamba yetu ya mkonge hata saa haikutazamwa. Enzi za ukoloni manamba, yaani kibarua wa mkataba aliyetoka mbali, alipewa kadi ya kipande ya siku 30. Akimaliza ngwe, yaani kazi aliyopimiwa kwa siku, siku inatiwa alama. Asipomaliza, jasho lake la siku nzima halikuhesabiwa. Na aliyepima ngwe alikuwa mnyapara, msimamizi wa mwajiri.

Leo tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: saa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Zaidi ya hapo ni ovataimu, kwa makubaliano, na malipo yasipungue mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5.

Sasa tumpigie hesabu mlinzi wetu. Saa 12 mara siku 6 ni 72. Ondoa saa moja ya mapumziko kila zamu, kama kweli anapewa: zinabaki 66. Zimezidi kwa 21, yaani 84 kwa wiki nne. Sheria inaruhusu saa 50 tu za ovataimu kwa wiki nne. Kwa hiyo hapana, si halali, hata akilipwa zote.

Ndugu mlinzi, andika kwenye daftari lako mwenyewe muda wa kuingia na kutoka, kila zamu. Madai ya ovataimu hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze.