Shemeji fundi umeme sio inspekta wa nyumba

Wiki hii nimeambiwa mara tatu, "kaka usijisumbue, shemeji yangu ana leseni ya umeme, sheria ya Texas inamruhusu kukagua nyumba." Jamani. Ni kweli sheria ya mainspekta hapa Texas, ile sura ya 1102, imewaacha nje mafundi, wa umeme, wa bomba, seremala, ila kuna sharti kila mtu analiruka: fundi asijitangaze kwamba biashara yake ni kukagua. Akishaposti tu kwenye grupu la WhatsApp "nakagua nyumba kabla hujanunua, bei poa", msamaha umeisha hapo hapo, anatakiwa awe na leseni ya TREC, tume ya mali isiyohamishika ya Texas, kama mimi. Na hata akikaa kimya, kuachwa na sheria hakumfanyi aijue nyumba nzima. Mimi nimesoma, nimefanya mtihani, nina bima isiyopungua dola 100,000 kwa kila tukio, shemeji akikosea utamdai nani?

Kuna familia waliambiwa nyumba safi, na kweli soketi zote zilikuwa safi. Nikapanda darini nikakuta hita ya maji ya gesi, bomba lake la moshi limechomoka kwenye kiungo, ngumi inapita, pembeni pameshika masizi, na moshi wote unaishia mle mle juu ya chumba cha watoto! Fundi wa umeme hakupanda maana kazi yake haikumfikisha huko.

Eti nyumba mpya city wameshaipitisha: yule inspekta wa city anaangalia kanuni za ujenzi (building code) basi, hafanyi kazi kwako. Eti inspekta mwanafunzi hahitaji leseni, anahitaji, na lazima awe na msimamizi. Eti mimi nikija nimekagua mpaka mchwa, hapana, ripoti ya mchwa ina leseni yake ya idara ya kilimo. Na wa California msinitajie, kule jimbo halitoi leseni ya inspekta kabisa, kwa hiyo ulizeni uzoefu na bima kabla ya bei.

Shemeji simkatazi, aje, ila aje siku ile ile na mimi, kabla siku zako za kujitoa kwenye mkataba hazijaisha, nikifungua boksi la breka za umeme asimame hapo aangalie na yeye, alafu tupande wote darini.